Sauti kutoka Upande wa Pili wa Mkeka

Mchungaji wetu, wazee wa ushirika, viongozi wa kijiji na kata, ndugu mliovuka mto Songwe kutoka upande wa Karonga, na ninyi majirani ambao tangu Jumanne hamkutuacha tuwashe moto wala kuchota maji wenyewe, Bwana Yesu asifiwe. Aliyesimama mbele yenu ni Hebroni, mdogo wake Erasto, kwa hiyo ni shemeji wa marehemu, na familia imempa kazi ya kuyasoma maisha haya kama yalivyokuwa, kwa sababu marehemu mwenyewe aliacha neno kwamba asipambwe, alisema, "Mkinipamba sana, Mungu atauliza huyu mnayemleta ni nani," basi tutasema mazuri yake, na pale alipokosea tutasema pia, na pale tulipomkosea sisi hatutaruka, na kama mwandiko wa mtu wa darasa la saba utakwaruza mahali, mtuvumilie.

Marehemu Rut Asajile alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 14 Agosti 1951 huko Matema, chini kabisa ya milima, mahali ambapo jua huchelewa kufika asubuhi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Asajile, aliyekuwa mvuvi na mwinjilisti, na marehemu mama Hosiana, Mkisi wa pwani ya ziwa Nyasa, ambaye vyungu vyake wengi wenu mmepikia. Kazi ya kwanza aliyopewa Rut duniani ilikuwa kumletea mama yake maji ya kulowekea udongo, na alikuwa akisema kwamba alijua uzito wa maji kabla hajajua uzito wa kitu kingine chochote.

Alianza shule hapo hapo Matema mwaka 1960, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1963, akafaulu, lakini nyumbani palikuwa na uwezo wa kumpeleka mtoto mmoja tu mbele, akapelekwa kaka yake. Jambo hili hakulisahau, na kwa kuwa tumesema hatumpambi, tunasema wazi kwamba alilibeba kwa kinyongo miaka mingi, mpaka siku moja kwenye ibada ya toba akasimama akaliungama, kaka yake akiwa amekaa benchi la mbele yake, na wote wawili wakalia. Hata hivyo kile kidogo alichopata hakukiacha kioze, kwani kuanzia mwaka 1972 hadi 1975 alifundisha madarasa ya elimu ya watu wazima, na wapo kina mama hapa leo ambao herufi ya kwanza ya jina lao waliandika wakishikwa mkono na marehemu.

Tarehe 26 Septemba 1970 alifunga ndoa takatifu na ndugu yetu Erasto Hezroni, akaletwa hapa kijijini Ikombolo, nusu ya njia kati ya Ipinda na Matema, katika nyumba ya baba yetu Mzee Hezroni. Hapa inabidi tuwaeleze wageni wetu kidogo, maana bila hili mambo mengine hamtayaelewa. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe wake hawatazamani, hawakai pamoja, hawapitani njiani, mwanamke akimwona baba mkwe anakuja anaingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite, na jina lake halitamki, heshima hiyo tunaiita ukutila, na wazee wa rika la baba mkwe nao hupewa hivyo hivyo. Wakristo wengi walikwisha kuilegeza, lakini baba yetu, ingawa ni mzee wa kanisa, aliishika, na Rut naye aliishika, wala si kwa kulazimishwa. Kulikuwa na kijana mwimbaji wa kwaya aitwaye Hezroni, basi Rut alimwita "yule mwenye jina la nyumbani" miaka yote, na kijana akazoea hivyo mpaka akaoa, na watu wa Ipinda wakadhani ndilo jina lake la ubatizo.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Kenani aliyezaliwa mwaka 1971, Angetile mwaka 1974, Andongwisye mwaka 1979 na Anyitike mwaka 1983, pamoja na wajukuu saba. Andongwisye hatunaye. Tarehe 2 Februari 1984, wakati wa mvua, alishikwa na kuhara na kutapika baada ya kunywa maji ya mto ambayo siku hiyo hayakuchemshwa, kwa kuwa kuni zilikuwa zimelowa na mama yake alikuwa na kichanga mgongoni, na kabla jua halijazama mtoto alikuwa ametutoka. Rut alimweleza Mchungaji wa wakati ule kwamba amemuua mwanawe kwa uvivu, Mchungaji akamwambia, "Mama, kosa si kuni zako, kosa ni kwamba mwanamke anachota maji pale pale wanaponyweshwa ng'ombe," na neno lile lilimtoa katika kulia likamtia katika kutafuta. Kuanzia siku ile alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii, maji ya bomba kutoka mlimani yafike Ikombolo kabla hajazikwa mtoto mwingine.

Kwa kazi marehemu alikuwa mkulima, alilima mpunga bondeni na kakao kando ya nyumba, na miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguka, mume wake akaanza kuvusha mchele kwenda Malawi na kurudi na vitambaa, naye akabaki na mashamba yote. Lakini kazi ambayo kwa ajili yake kiwanja hiki kimejaa leo ni ile ya maji, na hiyo tutaieleza yote.

Zamani serikali ilisema itatuletea maji yenyewe kila kijiji, tukangoja. Mwaka 1991 ikatoka sera nyingine, kwamba wananchi washiriki, wachimbe mitaro, waunde kamati yao na mradi uwe mali yao, na mwaka 1993 ukatufikia mwongozo wa sera hiyo, kurasa chache zilizobanwa kwa pini, ukisema kwamba nusu ya wajumbe wa kamati ya maji wawe wanawake, na kama mwenyekiti ni mwanamume basi makamu wake awe mwanamke. Wazee walikutana kujaza majina. Mzee Anyosisye, ambaye mnamjua kwa mdomo wake na yupo hapa anatikisa kichwa, alisema, "Nkamu, ndugu yangu, ukimchagua mke wa jirani, siri za kamati zitalala kwa jirani, kila mmoja amtaje wa nyumbani kwake," na wazee wakaona ni busara, kila mmoja akamtaja mke wa mwanawe. Baba yetu, ambaye alikuwa ndiye mwenyekiti, akamtaja Rut awe makamu. Hivyo wazee sita waliwachagua kwa mikono yao wenyewe wale wanawake sita tu, katika kijiji kizima, ambao hawangeweza kamwe kukaa nao chumba kimoja, na hakuna aliyelishtukia, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba watakaa. Sisi wa nyumba ya Hezroni tunakiri hapa kwamba majina yale yaliandikwa kuwaridhisha wakubwa tu, na Erasto alipomwambia mke wake kwamba amekuwa makamu mwenyekiti, tulicheka nyumba nzima, naye hakucheka.

Tarehe 10 Novemba 1993 akaja Afisa Maendeleo ya Jamii, binti Odilia Kasian, mtu wa Mbinga, Mkatoliki, wakati huo hajatimiza hata miaka thelathini, akakaa mezani katika jumba la ushirika akaita majina. Wanaume wakajibu. Alipomwita makamu mwenyekiti, kimya, akarudia, kimya, akamgeukia baba yetu akauliza, "Mzee, makamu wako yuko wapi?" na baba akatazama kenchi za paa akajibu, "Yupo." "Yupo wapi?" "Yupo, ila hayupo." Watu wakaangua kicheko, na Mzee Anyosisye akaongeza kwa sauti, "Yuko migombani, mama, kamati yetu ni kubwa, nusu iko ndani nusu iko shambani," na kweli wanawake wote sita walikuwa nje nyuma ya jumba, wamechuchumaa kwenye migomba, kanga kichwani, wamekuja kwa sababu wameitwa, na hawaingii kwa sababu hawawezi.

Odilia hakucheka, alisema ataandika kwamba Ikombolo hakuna kamati, na mabomba yatapelekwa kijiji kingine ambacho kimeuelewa mwongozo. Kisha akatoa mkobani kitabu cha Katiba ya nchi, akawasomea mahali panapoeleza mwelekeo wa shughuli za serikali, kwamba serikali na vyombo vyake vitoe nafasi sawa kwa raia wote, wake kwa waume. Mzee Anyosisye akanyosha mkono, "Mama, tunakushukuru, lakini hayo maneno mtu akiyavunja unampeleka mahakama gani?" Odilia akajibu kwa unyoofu ambao wazee wanausifu hadi leo, akasema, "Baba yangu, sehemu hii huwezi kwenda nayo mahakamani, Katiba yenyewe imesema hivyo." Jumba likavuma, mmoja akasema, "Sasa hiyo si sheria, ni salamu!" Naye akangoja wakanyamaza, akasema, "Ninyi ni watu wa kakao. Mche mnauotesha wapi?" Wakasema kitaluni, kivulini. "Ukiuacha kitaluni unazaa?" Wakasema, aa, lazima uhamishwe shambani. Akasema, "Basi maneno haya ni mche, Katiba ni kitalu, na mwongozo ni jembe la kuhamishia, lakini shamba ni ninyi, na nikikuta shamba ni jiwe, ninarudi na mche wangu." Akafunga kitabu.

Hapo ndipo ikasikika sauti dirishani, kutoka nje, haikuwa kubwa, ilisema, "Mama Afisa, usifunge kitabu." Ilikuwa ni Rut, amesimama na mgongo umegusa ukuta, uso ameuelekeza migombani. Baba yetu alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile ikisema kwa wazi tangu mwaka 1970, aliijua kwa kunong'ona tu nyuma ya jiko, na waliokuwepo wanasema aliinamisha kichwa kama mtu aliyemwagiwa maji. Rut akasema, "Naomba nining'inize mkeka katikati ya jumba. Wazee wakae huku, sisi tukae huku, hatutaonana, ila tutasikiana." Odilia akakataa, akasema huo ni ubaguzi, mwongozo hautaki wanawake wafichwe nyuma ya mkeka, na Rut akamjibu, "Dada yangu, wewe unatazama mkeka, sisi tunatazama sauti. Mpaka leo asubuhi sauti yetu haikuwemo humu kabisa. Acha kwanza iingie, macho yatafuata yakitaka." Odilia akauliza kama mkeka upo. Ukaletwa wa ukindu, ule mrefu wa kuanikia mpunga, ukatundikwa kwenye kenchi, wanawake wakaingia kwa mlango wa nyuma, na kikao kikaanza. Huko kwa wakubwa hakuna aliyeandika habari ya mkeka, lakini hapa kwetu ndivyo mwongozo wa serikali ulivyoingia, kwa mlango wa nyuma, umejifunika kanga, lakini uliingia.

Msidhani walielewana mara moja. Mhandisi alipokuja kupima, wazee walikwisha kupanga kwamba kilula kikubwa, yaani bomba la kuchotea maji, kiwekwe mbele ya ofisi ya kijiji, kando ya barabara, mahali pa heshima, kila mgeni akipita aone, na walikuwa karibu kukubaliana pale sauti ya upande wa pili iliposema, "Naomba kuuliza, mnaleta maji haya kwa ajili ya nani, kwa wageni wa barabarani?" Mzee Anyosisye akasema, "Mama, umeanza," naye Rut akaendelea, "Wazee mnakaa mbele ya ofisi ile kuanzia asubuhi. Ni nani kati yetu atapita mbele ya baba mkwe wake na ndoo kichwani? Tutangoja mwondoke, na msipoondoka tutarudi mtoni, na bomba litakuwa la kunyweshea pikipiki." Ilikuwa ni kweli, na hakuna hata mmoja aliyeifikiria, wala mhandisi, wala mwongozo wenyewe. Baba yetu, uso wake umeelekea ukutani, akasema, "Aliyesema hayo amesema," na hivyo vilula viliwekwa vinne nyuma ya nyumba, kwenye njia za wanawake, mahali vilipo hadi leo. Mitaro tulichimba wote, na tarehe 17 Agosti 1996, Jumamosi, maji ya mlimani yakatoka, meupe kwanza kwa hewa, kisha safi, na marehemu akakinga kikombe, hakunywa, alikwenda nacho mpaka kwenye kaburi la Andongwisye akakimwaga, ndipo akarudi kunywa pamoja na watu.

Marehemu alikuwa na ukali, na hilo majirani mnalijua. Mwaka 1997 alikuta watu wanafulia magunia ya kakao kwenye kilula cha karibu na kanisa, akakifunga, akakaa na koki mfukoni mpaka wasio na hatia nao wakaenda mbali kutafuta maji, na aliponyoshewa kidole na wazee wa ushirika alitubu mbele ya watu, lakini alisema, "Natubu kwa kuwafungia wote, kwa wale wa magunia bado naomba neema."

Mwanzoni mwa mwaka 1998 zikaja zile mvua za El Nino ambazo hakuna wa bonde hili asiyezikumbuka, mto ukatembea mashambani, nyumba zikakaa majini, na siku moja asubuhi vilula vyote vikakauka, tukajua banio la kule mlimani, linalokinga maji yaingie bombani, limevunjwa na mawe. Baba yetu, na umri wake ule, alipanda na vijana kwenda kuangalia, akateleza, akavunjika mguu. Waliporudi kutafuta cha kumbebea hawakuona kitu kirefu na kigumu kuliko ule mkeka wa jumbani, wakautungua, wakaufunga kwenye miti miwili wakambeba nao mpaka hospitali. Jioni ile ile kamati ikaitwa, kwa kuwa tayari kulikuwa na habari za kipindupindu vijiji vya jirani, mwenyekiti hayupo, mwongozo unasema makamu ndiye anayeongoza, na mkeka umekwenda na mgonjwa.

Rut alisimama mlangoni, hakuweza kuingia wala hakuweza kuondoka, na kama angeondoka maji yasingerudi, kwa sababu wazee walikuwa wameanza kusema bomba ni la serikali, serikali itakuja kulitengeneza, tuchote mtoni kwa sasa. Aliposikia neno "mtoni" akaingia. Na hapo likatokea jambo ambalo halijaandikwa mahali popote. Wazee walitazamana, halafu Mzee Anyosisye akainuka, akakigeuza kiti chake, akakaa ameelekea ukutani, wengine nao wakageuza mmoja mmoja, viti vikiburuta sakafuni, mpaka wanaume wote wa kamati wakawa wamempa mgongo, na ule mgongo haukuwa dharau, ilikuwa ni heshima, walimpa jumba zima. Rut akakaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Mmoja akarudia kwamba tungoje serikali, naye akasema, "Serikali ni nani, kama si nyinyi mlionipa migongo? Au tungoje atoke Dodoma mtu wa kubeba mawe yetu?" Mzee Anyosisye akajibu akiuambia ukuta, "Haya, mwenyekiti, tunapanda saa ngapi?" na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Rut kuitwa mwenyekiti. Kulipokucha wakapanda wanaume na wanawake, wakajaza mawe, wakafunga banio, maji yakarudi, na msimu ule kipindupindu kilipita bonde lote kikichukua watu, Ikombolo hakikuchukua mtoto hata mmoja, tunamshukuru Kyala, Mungu wetu.

Mwaka 1999 baba yetu, akitembea kwa mkongojo, alisema mbele ya mkutano wa kijiji kwamba uenyekiti wa maji umekaa kwa mtu mwingine tangu zile mvua, na yeye haoni sababu ya kuurudisha. Spana ya koki kuu aliiweka chini, akasogea pembeni, Rut akaja akaiokota, kila mmoja ametazama upande wake, na kazi hiyo aliifanya mpaka miguu ilipomkataa. Mkeka haukutundikwa tena. Viti viliendelea kugeuzwa miaka miwili mitatu, kisha nusu nusu, wazee wakakaa upande upande, na sasa kamati mpya inakaa mviringo kama watu wengine, bila aliyeamuru, isipokuwa baba yetu peke yake, ambaye hakuwahi kugeuka, wala Rut hakumtaka ageuke.

Kuanzia mwaka 2001 marehemu alisumbuliwa na shinikizo la damu, miguu ikavimba, na katikati ya mwaka 2003 ikagundulika figo zimechoka. Alitibiwa hospitali ya Matema, akaenda na kurudi, na tarehe 5 Machi mwaka huu 2004 akalazwa kwa mara ya mwisho. Erasto alikuwa naye wakati wote, na anashuhudia kwamba aliomba asomewe habari za mwanamke Msamaria kisimani, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yule naye alitumwa akiwa na mtungi," halafu akauliza kama koki ya tangi imefungwa, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha mlimani na maji yangekuja na tope. Akajibiwa imefungwa. Jumanne tarehe 9 Machi 2004 asubuhi, kabla jua halijatoka nyuma ya mlima, mahali pale pale alipozaliwa, alilala katika Bwana akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Jana jioni familia ilikuwa na mvutano, na kwa kuwa mmeona viti vikihamishwa asubuhi, ni vizuri mjue. Baba yetu Mzee Hezroni, ambaye sasa ni mzee sana, aliomba leo akae mbele kabisa, ambapo jeneza litafunguliwa, amwone. Wazee wa ukoo walikataa, walisema baba mkwe hamtazami mkwewe, hata akifa, ni mwiko, watu wa Karonga watasema nini, na sisi watoto tulikuwa upande wao, tukimwomba baba abaki nyumbani kwake kwa heshima. Baba alisikiliza mpaka wote wakamaliza, kisha akasema, "Miaka kumi nimemsikia. Nilimjua kwa sauti, ikanitosha, ilijaa jumba. Leo hana sauti. Nisipomtazama, nitakuwa nimebaki na nini?" Mzee Anyosisye, ambaye hakukosa neno maisha yake yote, alitoka nje, akarudi amebeba kiti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Matema kwa mikono yao ya upole, Mchungaji na ushirika wote, kwaya, ndugu wa Karonga, na kamati ya maji ambayo tangu Jumanne imehakikisha vilula haviwi vikavu msibani. Tunamshukuru kwa namna ya pekee mama Odilia Kasian, ambaye alikwisha kuhamishwa wilaya mbili tangu wakati ule, na amesafiri siku nzima kuja, na ambaye mjukuu wa tatu wa marehemu anaitwa kwa jina lake, mama, mche uliouleta umezaa, ndaga fijo, asante sana. Majirani, hatuna cha kuwalipa, Mungu awalipe, na yeyote ambaye marehemu alimkwaza kwa ukali wake, au aliyefungiwa kilula bila kosa, familia inaomba amsamehe leo, kabla udongo haujamfunika.

Sasa tunaomba walio mbele wasogee kidogo, kiti cha Mzee Hezroni kipite, kiwekwe kikielekea jeneza, na wakati baba anakaa tunaomba pawe kimya. Rut, mke wa ndugu yetu, mama wa watoto wetu, mwenyekiti wetu, koki imefungwa, maji ni safi, baba amegeuka. Pumzika kwa amani.